Bei Mlangoni kwa Mahfudha

"Umekwenda kumwambia mimi maskini!" mwanangu Abdulghani alifoka, mkasi wa kukatia vitambaa mkononi.

"Nilimwambia ukweli," mkewe, Umulkheir, akajibu. "Mahfudha ana bei tatu mlangoni, unachagua mwenyewe. Nikachagua ya chini."

"Na hakutaka ushahidi?"

"Hakutaka."

"Basi ni mtego. Nani anauza hivyo? Au wa bei ya chini anamsikiliza kwa sikio moja?"

Mimi nilikuwa juu ya robota la vitenge, namenya njugu, na hapo nilikuwa upande wa mwanangu.

Mahfudha tunamjua hapa Mengo tangu anang'oka meno ya utoto. Kwao ni watu wa masikio. Babu yake alijua kusikiliza hata kalooli, wale ndege wakubwa wa majalalani, mmoja alitua uani kwake kumshtaki jike lake, asiondoke mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Walioshuhudia wamekufa wote, kwa hiyo msinibishie.

Mjukuu akasomea ushauri nasaha, kazi ya kuketi na mwenye majonzi mpaka fundo lifunguke. Akaajiriwa Ntinda, kwenye ofisi yenye zulia. Kule bei ilitajwa mtu akishamaliza kulia. Siku moja mama mmoja akaacha simu yake rehani kwa keshia, akarudi kwao kwa miguu. Mahfudha akaacha kazi wiki hiyohiyo. Akakodi chumba nyuma ya fundi cherehani, akaandika bei mlangoni kwa rangi nyekundu: bei tatu, muda mmoja, na juu ya hapo hakuna cha kuongeza.

Mtaa ukaingiwa na wasiwasi. Huyu anasema ni mpelelezi, yule anasema anakusanya siri akaziuze redioni. Nikaenda kuhakikisha. Nikatega sikio ukutani, nikasikia mpira wa miguu tu, maana anawasha redio nje ili watu kama mimi tutoke mikono mitupu. Nikaingia ndani, nikaomba anipunguzie.

"Bibi, ya chini ni ile. Nayo ikikushinda, sema, tutaelewana kabla hujakaa."

"Na anayelipa ya juu anapata nini?"

"Kiti hichohicho, muda huohuo."

"Basi ni mjinga."

"Ndiye anayemsaidia wa chini, bibi. Na anajua, nimemwambia."

Jibu hilo nikalirudia pale dukani. Abdulghani akapauka.

"Kumbe kuna mwanamume anamlipia mke wangu!"

"Huenda ni mwanamke," nikasema.

"Mama, usinitanie. Ni nani huyo?"

"Simjui, wala hanijui," akasema Umulkheir. "Na wewe, Baba Sufian, mtu akiingia hapa si unamtazama viatu kwanza? Wa Ntinda unampandishia, mwanafunzi wa Wandegeya unamteremshia. Mwenzio ameandika mlangoni, basi."

Nikacheka hata nikapaliwa na njugu. Abdulghani hakucheka. Tangu tulipozika kitoto chao, mdogo wake Sufian, Umulkheir alikuwa akifua nguo ambazo hazijachafuka, anazianika, anazianua mbichi, anazifua tena. Alipoanza kwenda kwa Mahfudha, kamba ya uani ikapata nafasi. Hilo na Abdulghani ameliona, ila kulisema ndiyo kazi.

"Alhamisi niende au nisiende?" Umulkheir akauliza.

"Ukienda, ni kwa bei ya juu."

"Ya juu utanilipia mara moja, kisha utasema duka limelala. Nami bado sijapona."

Abdulghani akaweka mkasi mezani. "Sikiliza, Mama Sufian. Mimi..."

"Assalaam alaikum!"

Mahfudha huyo, mlangoni, anatafuta kitambaa cha pazia. Akanisalimia mimi, akamsalimia Abdulghani, akamsalimia na Umulkheir vilevile, habari za nyumbani tu, kama hajapata kumwona akilia. Abdulghani akamtazama huyu, akamtazama yule, akashika mkasi, akamkatia Mahfudha pazia bila kumtazama viatu.