Mwaka Baba Alipokaa Sakafuni

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Magomeni. Mwaka mmoja, miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni, alirudi kutoka semina na habari kwamba mwezi wa kumi una siku ambayo watu duniani kote huhimizwa kuishi bila kumdhuru mwenzao. Shuleni wakapanga kuiadhimisha kwa nyimbo na hotuba. Mama akaona haitoshi, akaileta nyumbani.

"Leo hapigwi mtu humu ndani," alitangaza asubuhi ya siku hiyo tukinywa chai na mihogo ya kuchemsha. "Hatukanwi mtu. Wala hakuna kununa."

Baba alikuwa anafunga kamba za viatu aende zake bandarini. Akacheka. "Kununa nako ni kupiga, Mwalimu?"

"Kununa kwako kunauma kuliko mkanda, baba watoto."

Sisi watoto tuliinamia vikombe. Baba alikuwa mtu mwema, ila hasira zake zilikuwa karibu. Mkanda ulining'inia nyuma ya mlango wa chumba chao, na sote tuliujua.

Jioni ile mdogo wangu, msichana ambaye hata shule hajaanza, alipanda kiti achukue kitana juu ya kabati. Akaigusa redio iliyokaa hapo hapo juu. Baba alikuja nayo kutoka Songea kabla hajaoa, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Ilianguka kwenye sementi ikapasuka, betri zikabingirika hadi mlangoni, miguuni kwa Baba aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

Mdogo wangu hakulia. Alijikunyata, akafunika kichwa kwa mikono, akasubiri.

Nadhani huko kusubiri ndiko kulikomshika Baba. Alisimama anamtazama, kisha akageuka akatoka. Tukasikia maji ya bomba yakimwagika uani, muda mrefu. Mama hakunyanyuka.

Aliporudi, uso ulikuwa unachuruzika maji na shati limelowa. Akakaa sakafuni na nguo zake za kazi.

"Umeumia?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi njoo tuokote. Taratibu, usijikate."

Wakawa wanaokota, kipande kwa kipande, mpaka mtoto akauliza, "Baba, leo ikiisha ndiyo utanipiga?"

Baba aliinamisha kichwa. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwake. "Hapana, mama. Na kesho hapana."

Sitasema alibadilika siku moja. Bado alifoka, na kununa alinuna sana. Lakini hakumpiga tena mtoto yeyote kati yetu.

Redio ilimshinda kila fundi. Ikabidi awe anakwenda kusikiliza mpira barazani kwa jirani, na mdogo wangu akawa anamfuata. Mpira wenyewe haukumhusu. Alilala mapajani kwa Baba kabla hata ya mapumziko, na watu waliposhangilia goli, Baba alimziba masikio.