Kuamia Ndege kwa Sauti ya Mama

Kazi yangu ni kurekodi sauti: vyura wa bondeni, viboko, matete yakisuguana, ngoma za harusi. Mama alikuwa akinicheka. "Wenzio wanavua samaki, wewe unavua kelele."

Mwaka juzi nilimrekodi yeye mwenyewe akiamia ndege, akiwafukuza wasile mpunga kwenye shamba letu, upande wa Lupiro. Waamiaji hukaa juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti, na alfajiri mmoja akipiga ukelele, wa dungu la jirani huitikia. Ndege wanaruka, na kila mtu anajua mwenzake kaamka salama. Siku ile mama aliita, na jirani yetu akadakia kabla hajamaliza.

Mwaka huu mama alifariki mpunga ukianza kujaa maziwa. Kwelea kwelea hawangoji matanga yaishe. Kifua cha baba hakiwezi kelele, na mimi sauti yangu ni ya paka, basi nikafunga spika juu ya dungu, nikawasha sauti ya mama. Nilijiona mjanja kweli.

Kundi zima liliruka. Ng'ambo ya mfereji jirani akaitikia, kisha akanyamaza ghafla, maana ndani ya spika aliyekuwa akiitikia ni yeye yule yule.

Mchana alikuja, matope hadi magotini. Hata shikamoo yangu hakuipokea.

"Mwanangu, mama yako nimemwosha kwa mikono hii. Marehemu akiita haitikiwi, na mimi nimeitikia. Tena niko naye humo ndani. Nitoe."

Nilimwambia ni mashine tu, na kesho yake nikawasha tena.

Siku ya tatu alirudi, macho yamemwingia ndani. Alisema hata spika ikizimwa bado anasikia anaitwa, na anajiuma midomo asiitikie. Nilimtazama. Midomo ilikuwa na vidonda.

Kuwatenganisha sikuweza, sauti zao zilikuwa zimepandana, na kwa uzembe wangu nakala ilikuwa hiyo moja. Nilikasirika, nikamkasirikia hata mama kwa kufa. Halafu nikafuta, yeye akiangalia kidole changu. Alishukuru, akavuka mfereji akaenda zake. Nilikaa nyuma ya dungu nikalia, nikiona kama nimemuua mama mimi mwenyewe.

Baba sikumwambia kitu. Alfajiri iliyofuata alifika shambani kabla yangu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya dungu, pale alipokaa asubuhi zote tatu nilizowasha sauti ya mama, lakini safari hii alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la kanisani. Alikuwa ameinua uso kuielekea spika.

"Mama yako kachelewa leo," alisema. "Washa."

Ndege walikuwa wameshashuka.