Zabibu za Safu ya Mwisho

Shangazi alichuma zabibu maisha yake yote, lakini sifa yake ilikuwa kutochuma. Wenzake walipomaliza mavuno, yeye aliachiwa safu ya mwisho, ambayo zabibu zake huachwa makusudi mpaka zinyauke, maji yakauke na sukari ibaki. Ndizo za ule mvinyo mtamu ambao wenye nazo huunywa kwa glasi ndogo baada ya kula, pamoja na jibini lenye chumvi. Wazee wa shamba walidai ulianza kwa uvivu wa mtu aliyechelewa kuvuna. Shangazi alisonya. "Uvivu? Waje basi wao wafukuze nyigu!"

Mwaka mmoja mumewe aliugua kifua, na chakula kikawa hakipiti. Jioni moja akamwambia, "Mama watoto, niletee zabibu zako, hata kishada kimoja."

Shangazi akamjibu kama alivyotujibu sisi sote miaka nenda miaka rudi: "Bado chachu hizo. Subiri ziive."

Hakumnyima, jamani. Alitaka ale zilizo bora.

Zilipoiva, tulikuwa tumeshamzika.

Alizichuma zote peke yake, akampelekea tajiri wake, mwenye shamba. Msimu uliofuata alitujia na kapu la zabibu za safu ileile, mbichi, ngumu kama kokoto. Akasimama mlangoni.

"Kuleni."

Tulikula huku meno yakifa ganzi, na hakuna aliyethubutu kumwambia asubiri.