Goti la Fundi na Vidonge vya Wifi

Fundi cherehani alipopasuliwa goti, wifi yake, mke wa kaka yake, alihamia kwake kumuuguza, na mdomo wake akaja nao. Fundi alimeza vidonge vya maumivu kama alivyoandikiwa, lakini ilikuwa kama amemeza chaki. Mazoezi ya goti yakamshinda, na goti lisipokunjika, cherehani ya miguu haiendi.

“Unadeka, wifi,” alisema muuguzaji. “Mimi nilipozaa kwa kisu, vidonge hivihivi vilinilaza fofofo. Wewe na kaka yako ni walewale. Jino tu lilimliza, na vidonge hivihivi kameza!”

Fundi akashtuka. Huko kliniki, wifi akiwa kando yake, alimwambia daktari, “Hata kaka yangu, tumbo moja, vidonge hivi havimsaidii.”

Daktari akaacha kuandika, akaagiza damu yake ipimwe. Majibu yalipotoka akaeleza, “Dawa hii haitulizi maumivu mpaka mwili uigeuze kwanza. Mwili wako hauigeuzi. Umerithi kwa wazazi, si kudeka.”

“Rudia hapo mwisho, daktari. Wifi yangu hapa hasikii vizuri.”

Akabadilishiwa dawa. Maumivu yakanywea, mazoezi yakawezekana, goti likakunjika. Siku cherehani iliponguruma tena, mtaa mzima ulijua fundi karudi. Wifi alisimama mlangoni, mpole kama maji ya mtungi.

“Kumbe mume wangu nilimwonea bure?”

“Mpeleke naye akapimwe,” fundi alisema, mguu haupumziki, “na njiani umwombe radhi. Gauni la kuombea nakushonea mimi.”