Chupa Niliyoikataa Angani

Walisema nitapanda ndege siku nitakayopakiwa kama mzigo. Walilisema hilo mbele yangu, katika parseli, uwanja wa nyumba, ya baba mdogo huku Songo, mtaa wa Uvira, wiki niliyorudi kutoka kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Nilikuwa na begi moja, na diploma yangu ya ufundi wa majokofu ndani ya plastiki. Baba mdogo aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku.

"Diplome ya kambi," akasema. "Ata karanga hauwezi kuifungia, iko ngumu sana."

Watu waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Jirani yetu Mama Sifa, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alicheka kuliko wote. "Weye fundi wa mafrigo? Hapa Songo ata umeme iko wapi?"

Niliwaacha wacheke. Nilifanya mtihani wa kazi katika shirika moja la afya na nikashika nafasi ya kwanza, bila mjomba ofisini na bila kumpa mtu bahasha. Ndani ya miaka miwili, frigo ya jua ya kutunzia chanjo ikiharibika popote, kutoka Uvira hadi ndani kabisa ya Maniema, walikuwa wananiita mimi. Na kwa kuwa barabara hazipitiki, nilikwenda kwa ndege. Mimi, mzigo wao, nilikuwa nakaa kiti cha mbele.

Nayaandika haya nikiwa nimechoka. Daktari anasema uchovu huu utaondoka polepole. Lakini kuna watu wanaopanda ndege zile kila wiki na wanafanya nilivyofanya mimi, kwa hiyo acha niseme yote, hata yale ya aibu.

Ndege zile zina viti tisa na injini moja. Choo hakuna. Ukisimama unagonga kichwa. Kutoka Uvira hadi Kalemie ni zaidi ya saa moja, na kutoka Kalemie kwenda Maniema ni nyingine mbili au zaidi. Kwenye viwanja vingine rubani hazimi hata injini. Mzigo unashuka, mzigo unapanda, mlango unafungwa.

Nilijitungia njia yangu na niliiringia sana. Tangu jioni ya kuamkia safari sikunywa maji. Asubuhi nilikula ugali wa jana na ndagala zenye chumvi, bila hata kikombe cha chai. Nilikuwa nakaa angani saa nne bila kutikisika, na kushuka nikiwa mkavu kama nilivyopanda.

Muuguzi Bahati, aliyekuwa akisafiri nami kupeleka chanjo, alifanya kinyume. Alikunywa maji kidogo kidogo njia nzima, na kwenye begi lake alibeba chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, iliyowahi kuwa na mayonezi. Akibanwa alijifunika kitenge kiunoni, akamaliza haja yake, akafunga kifuniko, akaendelea na stori zake.

"Muganga mzima unakojoa kama mtoto," nilimwambia.

"Na weye mafigo yako ni ya chuma?"

"Ni ya chuma."

"Haya. Minye nimeshapokea wengi wa chuma pale hospitali."

Nilicheka. Vijana wawili wapya kazini niliwafundisha njia yangu, nao wakaifuata kwa sababu mimi ndiye mwenye diploma. Hilo linaniuma kuliko jiwe la figo nililokuja kupata.

Mwili ulinionya mapema. Mkojo ukawa mchache, rangi yake kama chai iliyosahauliwa motoni. Kukojoa kuliunguza. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, nilihisi kama mtu anabonyeza kwa kidole gumba na hataki kuondoa. Mke wangu Furaha aliniambia, "Baba Neema, ukitoka mu choo kunabakia harufu ingine." Nikamwambia ni dawa za malaria. Sikuwa nimemeza dawa yoyote.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka Maniema, mimi na Bahati. Nilikuwa sijanywa maji tangu jana yake. Kabla hatujafika Kalemie maumivu yalianza kuteremka kutoka mgongoni hadi kinenani, nikabanwa vibaya. Nikajiambia nitavumilia, tukitua Kalemie nitakimbilia majani yaliyo kando ya uwanja.

Tulipotua mlango ukafunguliwa. Chini ya bawa, na kikapu chake mkononi, alikuwa amesimama mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mkulima wa mpunga huko Bwegera na ni mama wa afya wa kijiji chake. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo Kalemie, na shirika lilimpa kiti cha kurudia. Sikuwa na habari. Wasiojua mila zetu waelewe: mimi na yeye hatushikani mkono, hatuli tukitazamana, na nikimwona njiani nampisha. Majani yale yalikuwa nyuma yake. Kuyafikia ningepita mbele ya mama mzazi wa mke wangu nikiwa nimeshika mbele ya suruali, naye angejua naenda kufanya nini.

Nikabaki kwenye kiti. Nilimsalimu nikitazama sakafu. "Muko muzuri, mama?"

"Tuko, mukwe wangu," akajibu, naye akitazama pembeni. Akakaa kiti cha nyuma yangu. Mlango ukafungwa.

Ningeshuka pale, labda nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Tulipokaribia Uvira mvua ilikuwa imeshuka kutoka milimani na kufunika uwanja. Rubani akageuza, akazunguka juu ya ziwa, akarudi hadi usawa wa rasi ya Ubwari, akajaribu tena, akageuza tena. Kila ndege ilipoinama nilihisi kitu kikikwaruza ndani yangu. Nilitoka jasho hadi shati likanata. Nilitapika kwenye mfuko wa karatasi, na hakikutoka kitu ila nyongo. Bahati akanisogezea chupa ya mayonezi.

"Kojoa."

"Hapana."

"Kojoa, weye! Unakuwa rangi ya majivu."

"Mama mukwe iko nyuma," nikamnong'oneza.

"Na mafigo iko wapi? Iko nyuma pia!"

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Hakusema na mimi. Alisema na Bahati, kama mila inavyotaka. "Muganga, uambie ule muntu, minye nafunga macho. Na masikio nitayafunga kwa wimbo. Afanye kazi yake."

Kikapita juu ya kiti changu kitenge, kile alichokuwa amejifunga yeye mwenyewe juu ya gauni. Bahati akakitandaza juu ya magoti yangu. Na mama mkwe akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, hata rubani akageuza kichwa.

Nikajaribu. Nikasukuma hadi macho yakaona giza. Yakatoka matone machache, mekundu, kisha hata tone hakuna. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama mpira. Mama mkwe alimaliza beti zote akaanza upya. Tulizunguka hivyo hadi mvua ikapungua na tukatua.

Hospitalini sikungoja foleni. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alijaribu kunipitishia sondi, mpira ule mwembamba wa kutolea mkojo. Uligoma mara mbili. Mara ya tatu alisukuma kitu nyuma, na mimi niliyekuwa nakaa saa nne bila kutikisika nililia nikimwita mama yangu aliyezikwa kambini. Ikatoka damu, kisha mkojo, zaidi ya lita moja.

"Jiwe lilikuwa limeziba njia," akasema akitazama ekografi, picha ya ndani ya tumbo. "Na lingine liko mu figo la kushoto. Siku za safari munakunywa maji kiasi gani?"

"Hapana."

"Hapana ni kiasi gani?"

"Hapana ni hapana, dokta."

Akaweka kalamu chini. "Figo hili limechoka. Safari hii tunajaribu kulirudisha. Likiziba tena hivi, usinitafute minye. Na ndege, sahau kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mukojo yako iniambie."

Nilijiuliza kitu kimoja tu kitandani pale: fundi wa kuitwa mbali asiyepanda ndege ni nani? Ni yule mzigo wa baba mdogo.

Jiwe lililoziba walilitoa siku ya tatu. Halikufikia punje ya mahindi. Homa ilinitetemesha siku tisa, na nilitembea na mfuko wa mkojo ubavuni kwa wiki tatu, kama mwanamke anavyotembea na pochi. Dawa ya figo ilikuwa maji, lita tatu kila siku, yaliyochemshwa. Na huo ulikuwa msimu mabomba ya Songo yamekauka na kipindupindu kinatembea mitaani.

Furaha akaanza kubisha kwenye milango kuazima maji kwa madumu, bidoni kama tunavyoziita. Leo bidoni hapa, kesho bidoni pale. Kila jioni nilimwona akiingia na bidoni kichwani, nami nimeketi na kikombe kama mfalme mgonjwa. Majirani wakanipa jina: Mgonjwa wa Maji. Siku moja niliitambua bidoni ya bluu yenye kifuniko cha kitambaa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama Sifa."

"Rudisha."

"Baba Neema," akasema akimimina, "ile ya jana ilikuwa ya baba mdogo. Na umeshaikojoa. Kunywa."

Nikanywa. Mama Sifa mwenyewe alichungulia mlangoni siku nyingine. "Fundi, mukojo yako iko rangi gani leo?"

"Kama chai ya maziwa."

"Bado. Tunataka kama maji ya muchele." Akaacha bidoni nyingine, akaenda zake akicheka, na sikuona ubaya katika kicheko chake.

Ilichukua miezi saba. Jiwe la pili lilitoka lenyewe asubuhi moja, likagonga ndoo, na Furaha akapiga vigelegele mtaa mzima ukasikia. Daktari akatazama vipimo, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaniruhusu kupanda ndege kwa sharti la chupa mbili, moja ya kunywea na moja ya kukojolea. Safari ya kwanza niliitumia chupa ile ya pili juu ya ziwa, nimejifunika kitenge. Bahati akatazama nje dirishani. "Mafigo ya chuma," akasema peke yake.

Wale vijana wawili niliwaita. Niliwaambia niliwafundisha ujinga, na kusema hivyo mbele ya vijana kulinielemea kuliko sondi.

Kwa hiyo, wewe unayepanda ndege hizo, usijikaushe. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, nenda chooni kabla injini haijawashwa, beba chupa yenye mdomo mpana na kitenge. Mwanamke beba kopo pana na uombe kiti cha nyuma. Tazama rangi ya mkojo wako. Ukiona damu, kimbia hospitali, usije kuniuliza mimi. Na yeyote aliye nyuma yako, hata awe nani, amewahi kubanwa.

Namshukuru Mungu, na namshukuru daktari yule. Lakini kwetu bidoni ya kuazima hairudishwi tupu, na nilikuwa nimekunywa mtaa mzima. Mabomba yaliporudi nilichemsha maji na kuyabeba mwenyewe begani, lita ishirini ishirini, nikipumzika kila nyumba mbili. Baba mdogo alipokea yake akaniambia, "Weka pale, Injenia." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Mama Sifa alionja yake kabla ya kuniruhusu kuondoka.

Alibaki mmoja. Nilipanda pikipiki hadi Bwegera na kitenge kipya, kwa sababu kile cha zamani damu haikutoka, na bidoni ya maji niliyoongeza kwa hiari yangu. Mama mkwe alipokea akitazama migomba. Akaleta vikombe viwili. Akanigeuzia mgongo, nami nikamgeuzia wangu, tukanywa maji tukiwa tumekaa hivyo, kila mmoja na upande wake wa shamba.

Nilikuwa nimekunywa sana njiani. Nikabanwa. Nikatazama pikipiki, nikafikiria kungoja hadi Uvira. Kisha nikasema kwa sauti, bila kupitia kwa mtu:

"Mama, choo iko wapi?"

Nikasikia akicheka ndani ya kikombe.

"Nyuma ya jiko, mukwe wangu. Enda pole pole. Minye naimba."