Kipande cha Tyubu Chini ya Kihisi

Nina hasira, na sitaki kuambiwa nipoe. Kila nikipita ufukweni Kashikishi nikamwona yule mzee ameinama juu ya injini ya boti, hasira inanipanda upya, na zaidi ya nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Tulifanya kazi pamoja kwenye mtambo mdogo wa umeme, kwenye mto unaoshuka ziwani, upande wetu wa Nchelenge. Umeme ule ndio uliogandisha barafu ya wachuuzi wa samaki. Yeye alikuwa fundi, Mkongo aliyevuka ziwa zamani akaoa huku. Mimi niliangalia skrini. Chini majini kulikuwa na turbini yenye mapanga manne, yanayogeuzwa pamoja kufuata wingi wa maji, na shafti nene iliyopanda kutoka humo hadi kwenye jenereta.

Mzee hakuiamini skrini. Kila asubuhi alichukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha kwenye beringi inayoshika shafti, akabana mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Meneja, kijana aliyeletwa kutoka mjini, alikuwa akimcheka mbele yetu. "Mudala anasali," alisema, akimaanisha mzee anasali, na sisi wengine tukacheka naye, wajinga wakubwa.

Kisha tukafungiwa vihisi viwili. Kimoja kilionyesha mapanga yamekaa pembe gani. Kingine, kidogo kama kizibo cha chupa, kilikaa juu ya beringi kupima mtetemo wa shafti. Ukizidi, mtambo unajizima. Hiki cha pili kilinitesa. Skrubu yake ililegea kila mara, kengele ikalia, mtambo ukazima, na wachuuzi wakanipigia simu kunitukana. Basi nikafanya ninachokijua. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya mwenye boti. Kwetu, kitu kikitikiswa na injini unakiwekea kipande cha tyubu ya baiskeli chini yake, kisivunjike. Nikakata tyubu, nikakilaza kihisi juu yake, nikakaza. Kengele ikanyamaza. Meneja akanipongeza bila hata kuinama kuangalia nimefanya nini.

Mpira ulikuwa unaumeza mtetemo wote, na mimi nilifurahi kuona namba ndogo.

Wiki chache baadaye mzee aliingia ofisini na bisibisi mkononi. "Panga moja haisikilizane na zingine," alisema. "Shafti iko inalia. Tusimamishe mashini, tufungue tuone."

Meneja akamwonyesha skrini. Mapanga yote pembe moja, mtetemo kidogo. "Mudala, hapa panasema kila kitu kiko sawa. Kwani wewe unajua kuliko hii?"

"Ile inaonyesha tu mukono yenye kusukuma mapanga," mzee akajibu. "Haionyeshe kila panga."

Alikuwa sahihi kabisa. Kihisi cha pembe kilipima fimbo inayoyasukuma yote manne. Kiungo cha panga moja kikilika, panga hilo linakaa linavyotaka na fimbo haina habari.

Akanigeukia, akanipa bisibisi. "Sikiliza, mutoto yangu."

Tukashuka wote watatu. Nikaweka ncha, nikabana mpini kwenye mfupa. Nilisikia. Ndani ya mvumo wa kila siku kulikuwa na mdundo mwingine, du, du, du, kila shafti inapomaliza mzunguko, hadi kwenye meno yangu. Nikainua kichwa. Meneja alikuwa ananitazama.

"Mimi sisikii kitu," nilisema.

Skrini ilikuwa yangu, na nilitaka iwe sahihi. Mzee alipokea bisibisi yake, akaifuta kwa shati. Wiki ile ile alifukuzwa kazi, eti masikio yamezeeka.

Mwezi haukuisha, beringi ikaungua na shafti ikapinda. Barafu iliyeyuka, na akina mama wakamwaga samaki waliooza. Tulipofungua turbini tukakuta panga moja limelegea kwenye kiungo chake, limekaa upande kama mlango uliong'oka bawaba. Meneja akaandika ripoti kwamba fundi wa zamani hakuwa akitia grisi. Mtu aliyemwambia asimamishe mtambo!

Mimi ndiye niliyefungua kihisi. Tyubu ilikuwa pale pale, imenata kwa mafuta. Nilielewa hapo hapo. Nikaipeleka ofisini, nikaitupa juu ya meza ya meneja. "Hii ni kazi yangu. Andika mimi."

Akaisukuma kwa kalamu, asiiguse. "Ripoti imeshakwenda. Tupa takataka hii, rudi kazini."

Nilimtukana. Maneno yale siyaandiki hapa, lakini siyajutii. Kisha nikawaandikia wakubwa wake barua yangu mwenyewe kuhusu tyubu, nikaondoka kwenda Kashikishi.

Nilimkuta mzee ufukweni, karibu na dagaa wa chisense walioanikwa mchangani, anafunga injini kwenye boti ya mteja. Nilimweleza yote. Nilimpa tyubu na nakala ya barua, nikasimama nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aliisoma barua taratibu hadi mwisho.

"Tyubu ni makosa ya kazi," alisema. "Hata miye ningeweza kuitia." Akakunja barua, akanionyesha bisibisi yake ndefu. "Ile siku nilikupa turunevisi. Ulisikia, ao haukusikia?"

Hilo sikuwa nimeliandika.

"Nilisikia, Papa."

Akapachika ile tyubu kati ya injini na ubao wa boti, akakaza skrubu hadi ikagoma. Halafu akanirudishia barua.

"Basi andika na ile ya kusikia," alisema, akainamia injini yake.