Jicho Alilolifunika Mume Wangu

Mara ya kwanza kumwona mume wangu, nilimwonea huruma. Alisimama juani kwenye sitaha ya meli, bandarini Kasongo, akipokea magunia, na jicho lake la kushoto limefungwa kitambaa cheusi. Baba yangu aliuza mchele, na wakati ule wa Wabelgiji mchele wetu ulisafirishwa kwa meli katika mto Lualaba. Kaka zangu walikwisha kuoa na kuhama, basi mimi ndiye niliyefuatana na baba.

"Masikini," nilimnong'oneza. "Kijana kama yule, chongo."

"Nyamaza, atakusikia."

Baba hakumwachia mtu magunia yake. Alishuka mwenyewe tumboni mwa meli aone yanavyopangwa, nami nikamfuata. Kutoka kwenye jua la saa saba na kuingia mule ilikuwa kama kuvishwa gunia kichwani. Taa ilikatazwa kwa sababu ya mapipa ya petroli. Baba akatangulia, akipapasa ukuta.

"Baba, simama! Usiinue muguu!"

Yule kijana alikuwa ameshuka nyuma yetu. Alinipita, akamshika baba mkono.

"Mbele yako iko shimo. Wameacha mufuniko wazi."

Sikuona shimo wala baba. Tulisimama vile vile mpaka macho yakaanza kuzoea, na hapo nikaliona tundu sakafuni, pana kama mlango, na chini yake vyuma vya mashine. Nilipomgeukia kijana kumshukuru, kitambaa kilikuwa kimepandishwa kwenye paji la uso, na jicho nililodhani limekufa lilikuwa likinitazama, zima kabisa.

"Kumbe unaona!" Maneno yaliniponyoka.

Akacheka. "Macho yangu iko mbili, dada. Hili nalificha jua tu. Nikiwa juu natumia lile lingine. Nikishuka nafungua hili, na lenyewe limekwisha kuzoea giza."

"Nani alikufundisha?" baba aliuliza.

"Fundi wetu wa mashine, mzee aliyezunguka bahari. Anasema wanyang'anyi wa baharini walifanya hivyo zamani, ili wakivamia meli na kuteremka ndani wasipigwe kama vipofu. Labda ni kweli, labda ni hadithi ya mabaharia. Wengine bila shaka walitobolewa jicho kweli, si watu wa kupigana? Mimi nilijaribu tu, ikanifaa."

Baba akamshika bega. "Siku ya mapumziko uje nyumbani, ule wali."

Kabla hajaja, wanawake wa sokoni walikwisha kumwambia mama kwamba mumewe amealika chongo wa bandarini, na kwamba binti yake siku hizi anaimba akitwanga. Mama alikasirika. Shangazi akaja asubuhi mapema kusaidia kupika, na zaidi kumwona huyo chongo. Kijana aliingia amevaa shati jeupe, hana kitambaa, akasalimu vizuri, akaketi. Shangazi alimkaribisha kwa maji ya kunawa, akachungulia mlangoni, kisha akamwuliza kwa upole:

"Mwanangu, na yule mwenzako chongo, atafika saa ngapi?"

Baba alicheka hadi machozi. Mama naye alijikaza, akashindwa, akaingia jikoni kucheka huko. Nadhani posa yangu ilikubaliwa hapo, ingawa watu wa kijana walikuja kuileta baada ya mavuno.

Walitoka Kabambare, wengine kwa baiskeli, mama yake kwa miguu kwa sababu aliogopa baiskeli. Alifika na kuku wawili na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakujua Kiswahili kingi. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia jambo refu kwa Kibangubangu, nami nikaitikia kwa kichwa bila kuelewa.

"Anasema nini?" nilimwuliza mwanawe.

"Anasema umekonda, lakini atakufundisha kulima muhogo wa kwao."

Msimu uliofuata alinifundisha.